Umekodi Mbao, Hujakodi Ziwa

Kwa miaka mingi niliamini, tena kwa imani ambayo ningeipeleka kanisani leo ningekuwa askofu, kwamba ziwa humtumia Mzee wa Maboya orodha ya watu litakaowachukua mwaka huo. Orodha huja ndani ya tumbo la sangara. Mzee humpasua, husoma majina kimyakimya, humla samaki pamoja na ushahidi wake, kisha hukaa kwenye kiti chake cha plastiki pale kwenye maboti ya kukodi, akiwasubiri wenye majina. Utawajuaje? Ni wale anaowasema kwa muda mrefu kuliko wenzao. Ukiona amekusema dakika kumi na hajachoka, na mikono yake imeanza kukukaza kamba za boya kifuani, wewe rudi nyumbani ukaage.

Usinicheke. Nililitetea jambo hili mbele ya darasa, shule ya jioni, kidato cha tatu, nikiwa na umri wa miaka thelathini na nne na kitambi juu yake. Mwalimu wa baiolojia akaniuliza, "Hayo majina yanaandikwa kwa nini, wino au penseli?" Nikajibu bila kupepesa: "Penseli, mwalimu. Wino ungefutika na maji." Darasa lilicheka mpaka vumbi la chaki likashuka kutoka kwenye dari. Mimi nilikaa nikiwahurumia, watu wa nchi kavu wasiojua mambo ya ziwa.

Uvumi ule ungekuwa kichekesho tu kama ungeishia darasani. Haukuishia. Ulimwondoa mzee kwenye kiti chake, na kabla ya hapo ulikuwa umeshachukua mtu. Ndiyo maana naandika habari za mzee huyu, ambaye katika maisha yake nilimwona akitaka kitu kimoja tu: walioondoka warudi wote.

Alizaliwa wapi, mwaka gani, ukoo upi, sijui na sikuuliza. Nilimkuta pale ufukweni upande wa Ilemela kama nilivyoyakuta mawe. Mimi nilikuwa mwita wateja. Sauti yangu, nasema bila majivuno, nilikuwa nikiita Ilemela, watu wa Ukerewe wanafungasha mizigo. Kazi ya mzee ilikuwa kuwafunga maboya, yale makoti ya rangi ya machungwa ya kumfanya mtu aelee asizame, na kuwapa nasaha kabla hawajapanda. Mimi nawavuta, yeye anawatisha. Mama mwenye maboti alituweka wote wawili kwenye kibanda kimoja, kama mtu aliyeamua kufuga paka na panya aone nani atachoka kwanza.

Wateja wetu karibu wote walikuwa wa mara ya kwanza. Familia za sikukuu, maharusi wanaotaka picha na mawe nyuma yao, vijana waliomaliza mitihani, kwaya zinazorekodi video. Watu ambao maji mengi waliyowahi kukaa juu yake ni beseni. Na wote, alisema mzee, wanaugua ugonjwa mmoja: wanadhani wamekodi ziwa.

Alikuja bwana mmoja na suti ya vipande vitatu, na familia iliyojaa vitafunwa. Mzee alipoanza kusema, yule bwana akaangalia saa.

"Mzee wangu, mimi nimeshalipa."

"Umelipia nini, baba?"

"Boti."

"Vizuri. Basi umekodi mbao, injini na nahodha. Hujakodi ziwa. Ziwa halikodishwi. Vua hilo koti lako, vua na viatu, kaa chini nikueleze."

"Viatu vinahusiana nini?"

"Ukiwa majini, kimoja kina uzito wa tofali. Unataka kuogelea na matofali?"

"Nani amesema nitaogelea?"

"Hakuna anayesema, baba. Ndiyo maana tunavua mapema."

Bwana alivua. Mke wake alicheka hadi akamwaga juisi. Siku hizo watu walikuwa bado wanacheka.

Kulikuwa na swali ambalo wenzetu wa maboti mengine huuliza, kwamba nani anajua kuogelea. Mzee hakuliuliza hata siku moja. Alisema mwanamume akiulizwa hivyo mbele ya mke wake, hata kama hajawahi kuvuka mfereji, atajibu anajua. Yeye aliuliza: "Boti ikipinduka, nani atamshika nani?" Halafu anawatazama nyuso. Anayeangalia miguu yake ndiye asiyejua. Huyo anawekwa katikati, karibu na nahodha, bila kuaibishwa, kwa kisingizio kwamba ana mabega mazuri ya kusawazisha boti. Niliona watu wazima wakiona fahari kwa mabega waliyopewa na mzee siku hiyohiyo.

Boya alilipima kwa namna yake. Akishamfunga mtu, humshika mabegani pale penye kitambaa na kumvuta juu kama anayeng'oa muhogo. Boya likipanda mpaka masikioni, halijafungwa. "Hili limekufunika," anasema, "halijakushika. Majini utatoka humu kama ndizi kwenye ganda." Anaanza upya. Watoto walilipenda sana zoezi hili, walirudi kwenye foleni ili wavutwe mara ya pili.

Na kuhesabu. Idadi iende, idadi irudi, huo ulikuwa wimbo wake. Alihesabu kwa sauti wakipanda, akahesabu wakishuka, na hakukubali mtoto wa mgongoni aachwe. "Ana kichwa huyo. Mhesabu." Siku moja alimzuia babu mwenzake asiondoke kwa sababu familia ilipanda watu kumi na mmoja na kushuka kumi na wawili. Ilibidi tumtafute aliyezidi. Alikuwa mwanamke muuza karanga aliyeingia boti ilipogusa gati, awahi wateja. Mzee alimsema yule mama karanga zikapoa.

Nasaha zake nyingine nitaziandika hapa, maana sasa hivi pale ufukweni hakuna anayezisema. Nenda asubuhi, urudi kabla ya chakula cha mchana. Alasiri upepo wa ziwani ukiamka, mawimbi huja na wewe huna mahali pa kuyapisha. Spika, jenereta na makreti ya soda yakae katikati chini, yasikae mbele. Ulizia kasia, hata kama injini ni mpya kama yai. Ulizia kopo la kutolea maji, na liwe limefungwa kamba, kwa sababu kopo ndilo huwa la kwanza kukimbia. Ukitaka kumpa mwenzako maandazi, yapite mkono kwa mkono, usiyapeleke kwa miguu. Injini ikinasa magugumaji, mwache nahodha. Mkono wako una kazi nyingine nyumbani. Na mwenye amri ni nahodha, hata kama baba wa bibi harusi ana ng'ombe wengi kuliko mbu wa Misungwi.

Ile ya picha aliirudia kuliko zote. "Mpiga picha ndiye ahame. Ninyi msihame." Maana boti zetu za mbao ni kama mizani ya sokoni, mkikimbilia wote upande mmoja kupungia mkono shangazi aliyebaki nchi kavu, bakuli limemwagika.

Msidhani alikuwa mtakatifu. Aliyewahimiza watu kuwahi asubuhi alichelewa kila siku ya Mungu, kwa sababu akishuka kutoka kwake mlimani alisimama kila bomba la maji kuwafundisha akina mama namna ya kubeba ndoo. Aliyefundisha subira hakuweza kukaa kwenye foleni ya zahanati, alirudi nyumbani na kikohozi chake akidai kimeshachoka kusubiri. Na katika miaka yote ile nilimwona akipanda boti mara moja tu, ikiwa imefungwa gatini, kwenda kumtoa kuku.

Lakini maboya aliyapenda. Kila Jumanne aliyafua kwa sabuni, akayaanika juu ya mawe makubwa, mawe kumi, ishirini, yote machungwa. Abiria wa ndege zinazotua pale karibu nadhani walikuwa wakiambiana kwamba mlima wa Ilemela umechanua. Yaliyochanika aliyashona kwa uzi wa nyavu. Mke wake, tuliyemwita bibi, akimletea chakula saa sita alimkuta amejaa uzi mdomoni na kumwambia, "Mwenzangu, ukifa tutakuvika boya badala ya sanda." Naye anajibu, "Likazeni basi."

Mimi na yeye tulikuwa na utani wa babu na mjukuu, ule ambao hakuna anayeuombea kibali. Nikifika:

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Bado uko hai?"

"Nakusubiri wewe utangulie, nimrithi bibi."

"Bibi hataki mwanamume mwenye kelele, ngosha. Atakurudisha kwenu kwa boti, tena bila boya."

Watu wakicheka, yeye hucheka mwisho, kifua kikikwaruza kama boti inayovutwa mchangani. Kisha anarudi kwenye huzuni yake, kwa maana alikuwa mtu wa huzuni, jambo ambalo nilichelewa kulielewa. Aliamini hawamsikilizi. "Nawaambia kumi," alisema, "anasikia mmoja, na huyo alikuwa anajua kabla sijasema." Siku nyingine, akitazama boti ikienda na watu wake, mmoja ameshaanza kufungua kamba za boya hata hawajafika mbali, aliniambia kwa sauti ya chini: "Watu hawaogopi kufa, mjukuu. Wanaogopa kutopendeza."

Nilicheka. Nilidhani ni mzaha.

Habari ya orodha niliipata kwa mama mmoja mteja, aliyetoka Misungwi kwa ajili ya harusi. Alinivuta pembeni ya kibanda. "Kaka, yule mzee anayesoma majina ndiye yule?" Nikamwuliza majina gani. Akanieleza yote, sangara, tumbo, orodha, dakika kumi, akiwa na macho makubwa kiasi kwamba na yangu yakakua. Alikuwa ameambiwa na jirani, jirani ameambiwa na fundi, na fundi alikuwa na shemeji aliyesemwa na mzee dakika kumi na mbili, baada ya mwezi akafa.

"Alizama?"

"Alianguka mwembeni. Lakini siku ile alikuwa amekunywa maji ya ziwa."

Ukiwa na akili timamu ungecheka hapo. Mimi niliamini. Nilianza kukumbuka wote ambao mzee aliwasema sana. Mmoja aliugua malaria. Mwingine injini ilimzimikia katikati ya maji, akashinda njaa. Mwingine alikufa kijijini kwao akiwa na umri ambao hata mti ungeomba kupumzika. Wote niliwaandika upande wa ushahidi. Na kwa kuwa mimi sisimulii kitu kikabaki na ukubwa wake, nikaongeza kwamba nimemwona kwa macho yangu akikunja karatasi yenye magamba.

Baada ya hapo ufukwe ulibadilika. Wateja walianza kupita nyuma ya kibanda. Walichukua maboya wenyewe kwenye kamba, wakajifunga wenyewe, vifungo vikipishana kama shati la mlevi. Mama mmoja alimpokonya mtoto wake mikononi mwa mzee, ambaye alikuwa ameshaanza kumkaza boya. Mzee alibaki ameinua mikono hewani, vidole vimekunjwa bado kwa umbo la kamba.

Hakuna aliyemwambia. Mambo kama hayo mtu mzima haambiwi usoni. Akaniuliza mimi.

"Mjukuu, mbona watu wanapita nyuma ya kibanda?"

"Wanakwepa jua, babu."

"Jua la saa mbili asubuhi?"

Nilijifanya namwita mteja. Hakukuwa na mteja.

Naye alichofanya ni kile kile ambacho angefanya mtu mwenye kazi yake. Kadiri walivyomkwepa ndivyo alivyowafuata. Kadiri walivyofunga vibaya ndivyo alivyosema zaidi. Dakika tano zikawa kumi, kumi zikawa robo saa, anawasihi mpaka kwenye maji. Na kadiri alivyosema zaidi ndivyo walivyoogopa. Sijawahi kuona mtu akichimbiwa shimo kwa jembe lake mwenyewe namna ile, na mimi nikiwa nimesimama pembeni, nikiita wateja.

Jumatatu moja ya Pasaka ilikuja kwaya kutoka Misungwi, wameletwa na Fuso, wamevaa sare mpya za kitenge cha zambarau zenye shingo ya dhahabu. Walikuwa wameshona kwa ajili ya siku ile. Walitaka video wakiimba ndani ya boti, mawe nyuma yao. Mpiga video alitangulia kwa mtumbwi, akasimama juu ya jiwe huko mbele.

Boya la machungwa linafunika sare ya zambarau, hilo halihitaji shule. Walinung'unika. Mzee akawaambia: "Video itachezwa Pasaka hii na ijayo. Ninyi nawataka Pasaka zote. Vaeni. Na mkiimba, imbeni mmekaa, Mungu anawasikia hata waliokaa. Huyo mwenye kamera ndiye ahame." Mwalimu wao wa kwaya, mtu mwenye adabu, akasema ndiyo mzee, na wenzake wakaanza kukubali kufungwa, wamekunja nyuso.

Alikuwapo mama mmoja wa sauti ya pili, mcheshi kuliko mimi, na hilo si jambo dogo. Tangu washuke kwenye Fuso alikuwa amenitania mara sita kuhusu kitambi changu. Nikampenda kama dada. Na kwa sababu nilimpenda, nikamsogelea, nikamnong'oneza.

"Dada, usikubali yule mzee akufunge. Jifunge mwenyewe."

"Kwa nini?"

Nikamweleza. Alicheka, kisha akaacha kucheka. Akaangalia upande wa mzee, akaenda kukaa nyuma kabisa ya boti.

Mimi ndiye niliyemwambia. Naliandika kwa mstari wake peke yake ili lisipite nyuma ya kibanda.

Mzee akamwona. Boya lilikuwa limemning'inia begani, kamba zote wazi.

"Mama, njoo nikukaze."

"Nimeshajikaza, babu."

"Hujajikaza, umejitandika. Njoo, mama yangu, ni kamba tatu tu."

"Niache babu! Mbona mimi tu? Si wapo wengine?"

"Wengine wamefunga."

"Na mimi nitafunga tukifika!"

Mzee akaingia majini mpaka magotini, suruali imelowa, akazunguka boti kumfuata upande aliokaa. Akasema naye. Akambembeleza, akamkaripia, akamwita mwanangu, akamwita mkaidi. Kwaya nzima ikawageukia, maana kufikia hapo habari ya orodha ilikuwa imeshapita mdomo kwa mdomo ndani ya boti, na wote walikuwa wanahesabu dakika. Yule mama alianza kulia kwa hofu, akamsukuma mikono. Nami, kwa huruma yangu, nikapaza sauti: "Babu, waache waende, jua linapanda!" Nahodha akawasha injini.

Mzee alibaki majini akihesabu vichwa kwa sauti. Ishirini na wawili.

Yaliyotokea kule kwenye mawe niliyapata kwa nahodha. Wimbo wa kwanza waliimba wamekaa. Wa pili, mpiga video akapiga kelele kutoka juu ya jiwe kwamba jua linawapiga mgongoni, wasimame wasogee upande wake, nyuso zing'ae. Nahodha alikataza, lakini spika ilikuwa inaimba kuliko yeye. Walisimama wote, wakasogea wote.

Sisi nchi kavu tulisikia wimbo ukikatika katikati ya neno.

Wavuvi waliokuwa karibu waliwahi. Wakawaleta kwa mitumbwi, wamelowa, zambarau zimekuwa nyeusi, machungwa yanawaka. Mzee aliwahesabu wakishuka. Ishirini na mmoja. Akarudia. Ishirini na mmoja. Akaanza upya tena, akimshika kila mmoja kichwa kwa kiganja, kama mtu anayeamini kosa liko kwenye hesabu.

Yule mama walimpata kesho yake. Boya lake lilikutwa kabla yake, ndani ya boti, limenasa kwenye ubao wa nyuma. Mwenzake wa sauti ya pili alituambia alikuwa amelikalia, sare isichafuke.

Ungetegemea kwamba hapo uvumi utakufa kwa aibu. Ulinenepa. Mnaona? Aliyesemwa kuliko wote ndiye aliyekwenda. Watu ishirini na wawili, na yeye alijua ni yupi! Ushahidi gani tena mnataka? Na shahidi namba moja alikuwa nani? Mimi. Wiki nzima nilisimulia, mikono ikionyesha urefu wa zile dakika, na kila siku dakika ziliongezeka. Nadhani nilikuwa nasimulia hivyo ili nisisimulie ile sehemu ya kunong'ona.

Mama mwenye maboti alivumilia siku chache. Wateja walipiga simu wakiuliza boti "bila yule mzee". Akamwita, akamwambia kwa heshima zote: "Mzee, umefanya kazi sana, pumzika." Mzee aliyafua maboya yote, ingawa haikuwa Jumanne, akayapanga kwa ukubwa, akapanda mlimani. Kiti chake siku hizi hukaliwa na mpiga picha.

Nasaha sasa hakuna. Wateja wanachukua wenyewe, wanafunga wanavyojua, wanasimama wanapotaka.

Nami niliacha kuita wateja. Cheti cha shule ya jioni kilinipatia ukarani kwenye ghala la dagaa, Kirumba, ambako hakuna anayehitaji sauti yangu isipokuwa kunguru. Nilikaa kwa muda mrefu bila kumwona mzee. Kila nilipotaka kwenda, nilikumbuka kazi.

Mwaka huu nilipanda mlimani kwake. Ilikuwa alasiri. Nyumba yao imejibana kati ya mawe mawili, na mbele kuna kibaraza ambapo ziwa lote linaonekana. Bibi alikuwa amekaa kwenye mkeka akichambua mchele. Mzee alikuwa kwenye stuli, ametazama chini majini, amekonda, mikono iko magotini haina kitu.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Bado uko hai?"

Nikakaa. Chini yetu boti ilikuwa inaondoka, watu wadogo kama punje. Midomo yake ilikuwa inacheza.

"Unahesabu, babu?"

"Najaribu. Macho hayafiki. Nafika saba, wanachanganyika."

Bibi akanipa chai. Nikaona kwamba nisipouliza siku ile sitauliza tena. Ndani yangu, pamoja na cheti na kila kitu, kile kipande cha imani kilikuwa bado hai.

"Babu, niambie ukweli. Siku ya kwaya. Ulijua ni yule mama?"

"Nilijua."

Nikaweka kikombe chini. Akanigeukia, kwa mara ya kwanza tangu nifike.

"Wote walikuwa wamefunga. Hakufunga yeye tu. Wewe ungemsema nani?"

Nimesoma miaka minne jioni, nimefaulu baiolojia na hesabu, na jambo lile halikuwa limenipitia kichwani. Aliyesemwa sana ni aliyekuwa hatarini sana. Basi. Hakukuwa na kitu kingine ndani ya samaki.

Hasira ikanipanda. Nilihitaji mtu wa kumpa. Nikaanza kupiga kelele zangu za zamani, kwamba mtu aliyeanzisha upuuzi ule wa orodha nikimpata nitamburuza kutoka pale mpaka Misungwi, nitamtupa ziwani na matofali miguuni, aliua mtu, alimwua mama wa watu, na wewe babu alikuzika ukiwa hai.

"Achana nayo," mzee akasema haraka. "Kunywa chai."

"Hapana babu, lazima alikuwapo mtu wa kwanza!"

Akamwangalia mke wake, akatikisa kichwa, kama anayemkataza jambo walilokwisha kulizungumza. Bibi aliweka ungo chini.

"Mwache ajue," akasema. "Ni wewe, mjukuu. Ilikuwa siku ya maharusi fulani, wamejipanga wanasubiri nasaha, na huyu alikuwa bado anakula kichwa cha sangara nilichomletea, amekiinamia anatafuta nyama. Ukawapigia kelele: 'Msimsumbue babu, anasoma majina yenu humo, atakayemsema sana aandike wosia!' Watu walicheka sana. Mimi nilikuwa nimesimama na sahani, nilisikia kwa masikio yangu. Na huyu naye alicheka."